Mlete Bi Mkubwa Ujiji, mpigwe picha kwa nafasi

Kigoma,
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Nasra,

Assalaam alaykum. Natumai hamjambo nyote hapo Dar, na kwamba miguu ya Bi Mkubwa imepata nafuu. Sisi huku wazima. Mvua za kwanza zimeshanyesha, vumbi limelala, na maembe yameanza kuiva barabara nzima ya Lumumba.

Uliniuliza kwenye simu kuna haja gani ya kumlipa mtu awatembeze Ujiji na kamera, ilhali kila mmoja wenu ana simu nzuri na Bi Mkubwa mwenyewe ni mzaliwa wa pale. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu salio lilikuwa linakwisha, lakini swali lako limenikaa moyoni. Nikikuacha hivihivi utamleta Bi Mkubwa safari yote hiyo, mtapiga picha mbili tatu kwenye kumbukumbu ya Livingstone, yule mzungu mpelelezi, mtapanda bajaji, basi. Umri wake unaujua. Safari kama hii haiji kila mwaka.

Jibu langu ni kwamba lipeni, na lipeni kwa moyo mmoja. Kamera siyo mnayoilipia. Mnamlipa mtu anayejulikana kwenye kila baraza.

Mimi na binti yangu tulifanya hivyo mwezi uliopita kabla hajaondoka kwenda chuo Dodoma. Mpiga picha ni kijana wa Kasingirima, na kazi yake ndiyo hiyo: anakupitisha kwa miguu mitaa ya zamani, anakueleza unachokiona, na anakupiga picha humohumo njiani. Mnakuwa nyinyi na yeye tu. Hamuungwi na kundi la wageni, wala hamkimbizwi na saa ya mtu mwingine. Tulipompigia simu, kabla hata hatujafika kwenye bei, alituuliza tuna ndugu gani Ujiji na ni nyumba zipi tuliwahi kulala. Njia aliipanga kwa kufuata majibu hayo. Kwa hiyo kaa na Bi Mkubwa mapema, muulize alizaliwa mtaa gani, alisoma madrasa ipi, maji walichota wapi. Mpe kijana majibu hayo yote, na mengine ataulizia mwenyewe kwa wazee.

Kuhusu bei, patana naye kabla ya siku yenyewe, na muandikiane hata kwa meseji: mtatembea saa ngapi hadi saa ngapi, picha ngapi atazisafisha vizuri, ngapi zitachapishwa kwenye karatasi, atazileta lini, na kama anaruhusiwa kuzionyesha kwa watu wengine. Mimi nilimwambia za binti yangu zibaki kwetu, naye hakuwa na neno.

Sasa nikusimulie jambo lililonifanya nikae niandike barua nzima. Tulipoanza tu kuingia vichochoroni niliona ana bahasha ya kaki kwenye mkoba. Ndani mna picha za karatasi, na nyuma ya kila moja pameandikwa jina kwa penseli. Kwenye baraza moja alikuwa amekaa bibi anauza mawese, amepanga chupa zake juu ya stuli. Asubuhi ilikuwa na kibaridi, basi mafuta yalikuwa yamejigawa, juu mekundu na mepesi, chini yameganda rangi ya chungwa. Mimi nilishatoa simu nipige zile chupa, maana jua lilikuwa linapenya ndani yake zinawaka. Kijana kamera yake hakuinua. Aliamkia, akaulizwa za kwao, akajibu, akamuulizia mjukuu aliyekuwa mgonjwa. Salamu zilipokwisha ndipo akafungua bahasha na kumkabidhi bibi picha yake aliyompiga safari iliyopita.

Bibi alijifuta mikono kwenye kanga kwanza. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaitazama kwa kitambo, kisha akasema, "Uso umechoka, lakini kanga yangu imetoka." Akacheka, akamwita jirani aje aone. Halafu akamgeukia binti yangu: huyu naye ni wa nani? Mtoto akajieleza kwa jina la babu yake upande wa baba, na weee! Kumbe bibi alimjua marehemu tangu ujana wao. Akasogeza chupa, akapangusa nafasi, akamwambia keti hapa mwanangu. Picha iliyopigwa hapo, bibi anamshika kidevu binti yangu na binti anashindwa kuzuia machozi, ndiyo iliyo ukutani kwangu sasa hivi. Hakuna aliyewaambia wakae pozi.

Wakati tunaaga bibi akasema picha sawa, ila asije akaiona mitandaoni. Kijana alitoa daftari na kuliandika neno hilo mbele yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, lakini mtu anayepita mtaa uleule kila wiki ana sababu iliyo karibu zaidi. Keshokutwa atapita tena barazani pale na lazima aitikiwe salamu.

Unaona sasa? Mimi ni mwenyeji wa Kigoma, lakini ningepita pale na simu yangu ningeondoka na picha ya chupa za mawese. Watu wa Ujiji wamepigwa picha na wapita njia kwa miaka mingi, na wengi wao hawajaiona hata moja. Ukimpata anayezirudisha, milango inafunguka. Ndiyo maana nakuomba kwenye hesabu yenu muongeze gharama za kuchapisha picha za wale mtakaopiga nao, muachie hela hiyo mkononi kwa kijana. Atawafikishia, nina hakika naye.

Jambo la saa ulijue kabla hamjapanga safari, kwa sababu nyinyi wa pwani mnapotezwa nalo. Nchi nzima saa zetu ni zilezile, lakini sisi tuko magharibi kabisa, jua letu liko nyuma ya lenu kwa dakika kama 40. Huku jua la utosini ni karibu saa saba mchana. Jioni saa kumi na mbili, wakati nyinyi mnajiandaa kwa magharibi, kwetu bado mwanga umejaa, na jua linazama karibu saa moja. Mkianza asubuhi saa moja kamili mnapata ule mwanga laini unaoingia vichochoroni kwa ubavu. Ikifika saa nne jua limeshakuwa kali, macho yanafinywa na kivuli kinaanguka chini ya nyusi. Hapo pumzikeni, mle ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka wa mawese, Bi Mkubwa alale, kisha mrudi barabarani saa kumi na moja jioni. Mkimtembeza mchana kutwa mtamchosha bure na picha hazitakuwa na lolote.

Kuna na rangi ya ardhi. Udongo wetu mwekundu unarudisha wekundu usoni, hasa kwenye uwanja mtupu uliopigwa na jua. Kijana alimpa binti yangu kanga nyeupe aitandaze magotini, nje kabisa ya fremu, na uso ukarudi kwenye rangi yake. Nguo za kahawia msije nazo, zitamezwa na kuta za udongo na mabati yenye kutu. Bluu inapendeza mno, na njano ya kitenge pia. Bi Mkubwa avae anachokipenda, huyo asipangiwe.

Kwenye kumbukumbu mtapita, na wala sisemi msipite. Kiingilio mnalipa mlangoni. Pale ndipo Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa akimtafuta, alipomkuta Livingstone Novemba 1871, mzee amerudi kutoka Nyangwe huko Kongo amedhoofika, na wapelelezi wengine wawili, Burton na Speke, walishafika Ujiji tangu Februari 1858. Miembe iliyopo inasemekana ni kizazi cha ule wa kwanza. Kivuli chake ni kizuri sana kwa picha ya uso, ila msisimame katikati, kwenye madoadoa ya jua. Simameni ukingoni, kivuli kinapoishia, mtazame kwenye uwazi. Bi Mkubwa akiuliza, kama alivyoniuliza mwanangu, kwa nini ziwa liko mbali hivi wakati wazungu walifikia ufukweni, mjibu kwamba miaka ile maji yalikuwa juu sana kwa sababu Mto Lukuga, unaotoa maji ya Tanganyika kwenda Kongo, ulikuwa umeziba. Ulipofunguka, mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa likashuka mita kama 10 katika miaka iliyofuata na kuuacha mji nyuma.

Mimi kila nikifika pale huwa namuwaza Abdalla Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kumlaki Stanley njiani. Yeye na mtumishi mwenzake Chuma pamoja na wenzao ndio walioubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, Zambia ya leo, hadi pwani, baada ya mzee kufa Mei 1873. Wageni wengi hupigwa picha na sanamu za wale wawili wakisalimiana, wakaondoka. Nilimwomba kijana ampige binti yangu mahali pengine kabisa, kwenye njia ya miembe, amesimama peke yake na mgongo kwa sanamu, uso kwa mji. Naye akanielewa mara moja. Akaniambia wazee wa Ujiji wanamweleza kwamba njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, mawese, na watu waliofungwa minyororo wakipelekwa Bagamoyo. Alilisema hilo polepole, na kamera akaishusha wakati anasema. Ujiji ilikuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya njia ile ya kati ya watumwa na pembe. Nilifurahi kwamba mwanangu alilisikia akiwa amesimama hapohapo, kabla hajaenda kulisoma chuoni.

Na Bi Mkubwa atakuwa na yake ya kuongeza, maana ninyi Wamanyema mna historia yenu ya kuvuka ziwa kutoka Kongo, kisha kushuka na reli hadi Kariakoo. Akianza kusimulia, mwambie kijana aache kupiga kwa muda, wewe washa kinasa sauti cha simu. Simu hapo ndipo ina kazi yake.

Ufukweni mtakwenda jioni. Mafundi wanatengeneza mitumbwi ya mbao palepale mchangani, na ukiweza kusimama karibu na anayekalafati, simama. Huyo tuliyemkuta alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa mtumbwi, anasokota pamba kidoleni, anaichovya kwenye kopo la mawese, anaipanga kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, halafu anaisukuma ndani kwa patasi butu na nyundo. Anapiga mapigo madogomadogo ya haraka, sikio lake liko kwenye sauti, na mwanya ukishajaa sauti inabadilika, anahamia mbele. Kucha zake zilikuwa na rangi ya chungwa kama amepaka hina. Kijana alimwomba ruhusa apige mikono tu, akakubali bila kuacha kazi. Hiyo nayo ipo kwenye albamu yetu ingawa hatumo ndani yake, na mwanangu ameipenda kuliko zake zote.

Kutoka hapo mnatazama jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Sisi tulikuta ule ukungu wa moshi na vumbi wa mwisho wa kiangazi, milima haikuonekana kabisa, jua likawa duara jekundu lililokosa makali, unalitazama bila kufumba macho. Picha zilitoka nzuri kwa namna yake. Nyinyi mkija Desemba, hewa inakuwa imeoshwa na mvua, milima ng'ambo inasimama wazi na mawingu yamepanda ghorofa. Tatizo ni mvua zenyewe, zinaweza kuharibu jioni, kwa hiyo tengeni siku moja ya akiba. Halafu tazameni mwezi. Mkiangukia usiku wa giza mtawaona wavuvi wa dagaa wametoka, taa zao zimetapakaa ziwani hadi mwisho wa upeo. Enzi za utoto wa Bi Mkubwa zilikuwa karabai. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri na sola. Kamera iwekwe kwenye stendi, picha ya namna hiyo haishikwi mkononi.

Kigoma mjini mimi nisingetumia muda mwingi, lakini stesheni lazima, ukizingatia kwamba Bi Mkubwa aliondokea hapo. Lile jengo jeupe la Wajerumani lipo palepale chini ya barabara ya Lumumba, mwisho wa reli. Reli ilifika 1914, na ndiyo iliyobadilisha kila kitu: ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo, basi bandari ikajengwa huku, na Ujiji iliyokuwa mji mkubwa ikaachwa ilivyo. Nadhani ndiyo sababu mitaa ile bado ina baraza na vichochoro vya kupigia picha. Reli hiyohiyo ndiyo iliyoleta vipande vya meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Ujerumani ikafunguliwa ikapakiwa kwenye makasha, ikaja kuungwa upya hapa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokimbia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakiwa wameipaka grisi injini zake. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina ambalo wewe na mimi tumekua nalo.

Ila stesheni na bandari hapapigwi picha kiholela. Kijana alikwenda kwanza ofisini kwa stesheni masta, akaeleza ni picha za familia, akakubaliwa mbele ya jengo na kwenye ngazi, tukaishia hapo. Majengo ya jeshi na polisi msielekeze hata simu. Na mdogo wako anayependa droni mwambie aiache nyumbani, bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha jeshi atawaletea balaa.

Kwa miguu ya Bi Mkubwa nimeshamuuliza kijana. Anasema itafutwe bajaji moja ya kukaa nao asubuhi nzima, iwasubiri kila mwisho wa kichochoro, na kiti cha plastiki kipakiwe nyuma ili akae popote anapotaka. Mtaa wao aupite kwa miguu, hata kama ni hatua chache na akishikwa mkono. Wewe usimuelekeze. Mwache asimame mbele ya mlango anaoukumbuka yeye, hata kama nyumba imejengwa upya na wenyewe wamehama, na mwache abishe hodi mwenyewe. Kijana atakuwa amepita siku moja kabla kuwaambia wenye nyumba kwamba yupo mama anayerudi kwao.

Ukitaka, njoo na ile picha yake ya zamani uliyowahi kunionyesha, ya studio, aliyovaa gauni la mikono mifupi. Kijana ataichapisha upya kubwa, na Bi Mkubwa ataishika mkononi kwenye baraza la kwao. Hilo ni wazo langu, kijana sijamwambia bado.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi nimwekeshe siku, kwa sababu Desemba watu wanarudi makwao kutoka kila kona na kazi zinamjaa. Kulala mtalala kwangu, chumba cha binti kipo wazi na kina dirisha upande wa ziwa. Kama mtakuja na treni niambie siku mnayoondoka Dar, nitawapokea stesheni. Nasra mwambie maembe nitamwekea, na Bi Mkubwa mwambie dagaa wake nimeshaagiza, wale wadogo wa kukaushwa mchangani kama anavyowataka.

Nisalimie Baba Nasra na watoto wote.

Ni mimi shoga yako,
Mama Twaha